Mstari Unaopanda

6 Januari, Jumatatu

Baridi leo ni digrii thelathini chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka, nimekwenda maabara kwa miguu, na nilipofika kope zangu zilikuwa zimeshikana kwa barafu. Nimeapa kwamba huu ni muhula wangu wa mwisho. Mwaka jana niliapa vilevile, lakini safari hii kuna tarehe: mwezi wa Aprili nitaitetea tasnifu yangu mbele ya kamati, na nikipita nitaitwa Daktari Heli Koskiniemi, na Bibi Impi ataacha kuniuliza kila Jumamosi, "Umemaliza?"

Shajara hii ni wazo la Farzin. Farzin ni mwenzangu wa uzamivu, yuko mwaka mmoja nyuma yangu, mtu wa Isfahan ambaye majira yote haya ya baridi hayajamfundisha kufunga zipu ya koti. Amenikuta nikiongea na mtambo.

"Dada Heli, ukitaka kuongea na kitu kisichojibu, bora uandike. Mtambo huo siku moja utakujibu, halafu utajuta."

Tumecheka. Mtambo wenyewe ni chombo cha chuma, kirefu na chembamba, ukuta wake una unene wa kidole gumba, kimesimama nyuma ya kinga ya bamba. Tunakilisha mchuzi mweusi, yale maji mazito yanayobaki baada ya kiwanda cha karatasi kupika miti. Tunaupasha na kuubana kwa shinikizo mpaka unafika mahali ambapo maji si maji tena na wala si mvuke, na hapo mchuzi unageuka gesi ya kuwaka. Anayeugeuza ni kichocheo changu: udongo mwekundu niliouchota ufukweni mwa ziwa, nikauosha na kuuchoma mwenyewe. Miaka minne nachoma udongo. Hiyo ndiyo tasnifu yangu yote, kichwa na miguu.

Leo gesi imepita rekodi ya Desemba.

7 Januari

Desturi ya maabara yetu ni kwamba aliyevunja rekodi analeta kitu cha kula. Kwetu sisi wenye asili ya Ufini kitu hicho ni pulla, mkate wa iliki uliosukwa kama nywele. Nimeoka. Profesa Tessier amekula vipande vitatu, na makombo akayapangusa kwenye sweta.

Nampenda mwanamke huyu, niseme tu. Ni mfupi, ana sauti ya msumeno, baba yake alifanya kazi kiwanda cha karatasi huko Quebec akafa na mapafu mabovu. Nilipofeli mtihani wa joto na nishati mwaka wa kwanza, kila mtu alishauri nirudi nyumbani. Yeye alinipa funguo za maabara akasema, "Kesho saa mbili. Usichelewe."

Amenikumbusha desturi ya pili: mtambo unaofanya vizuri hauguswi. Chombo chetu hakijafunguliwa tangu kilipofungwa. Kukifungua ni kukata mihuri yake yote, na mihuri mipya inachukua majuma kufika.

"Mtoto amelala," akasema. "Nani anataka kumwamsha?"

14 Januari

Rekodi tena. Nimeoka tena.

17 Januari

Theluji kutwa. Maji yanayotoka mwisho wa mtambo yana ukijani kidogo, kama maji yaliyooshewa majani ya chai. Farzin anasema ni taa mpya za dari.

22 Januari

Rekodi. Farzin analalamika kwamba suruali zimeanza kumbana na kwamba tasnifu yangu itamuua kwa mkate. Nimechora matokeo ya miezi yote kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani: mstari unapanda kila wiki, taratibu, bila kuyumba. Sijawahi kuumba kitu kizuri kama mstari huu.

25 Januari, Jumamosi

Nimekwenda nyumbani Pike Narrows, mwendo wa saa mbili kando ya ziwa, kwa ajili ya sauna, bafu letu la mvuke. Baada ya kuoga tulikaa jikoni kwa Bibi Impi, nyuso nyekundu, tukinywa kahawa.

"Umemaliza?"

"Bado, bibi."

"Miaka minne! Mimi kwa miaka minne nilizaa watoto watatu na kujenga sauna hiyo uliyotoka kuoga."

"Na babu alikuwa wapi?"

"Msituni, anakata miti ili wewe uipike."

Kaka yangu Tapio alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Tapio anafanya kazi kiwanda cha karatasi cha hapo mjini, na kiwanda hicho kimejenga mtambo mkubwa wa aina ya wetu. Waliujenga kwa kufuata makala yangu ya mwaka wa pili: chuma kilekile, joto lilelile, na udongo wangu kwa malori. Utawashwa mwezi ujao, naye ameteuliwa kiongozi wa zamu.

"Msomi," akaniambia, "wewe umeandika, mimi ndiye nitakayesimama karibu nao. Niambie sasa kama kuna kitu hukukiandika."

"Nimeandika kila kitu. Kurasa mia mbili."

"Hapo ndipo ninapoogopa," akasema.

Nilimrushia taulo. Niliporudi mjini jioni nilikuwa na furaha, na nilijivuna kwamba udongo wa ufukwe tuliochezea utotoni unakwenda kuwapa watu wa kwetu kazi.

3 Februari

Mtambo umekwenda kutwa bila sauti. Zamani pampu ilikuwa ikikoroma. Sasa hivi ni shwari tupu, unaweza kusahau kwamba nyuma ya bamba lile kuna shinikizo la kuponda gari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini huenda ninaanza kuwa mshirikina kwa sababu silali vizuri.

7 Februari

Kikao cha kamati. Wajumbe wote wametabasamu isipokuwa mgeni, Daktari Wexler, mtu mrefu mwenye mafua, ambaye aliuangalia mstari wangu kwa muda kisha akauliza, "Jaribio tupu la mwisho mlilifanya lini?"

Jaribio tupu ni kuendesha mtambo kila kitu kikiwa vilevile ila bila kichocheo, ili ujue kwamba kazi inafanywa na kichocheo kweli. Nilimjibu kwamba tulilifanya chombo kilipokuwa kipya na gesi haikutoka karibu hata kidogo.

"Kilipokuwa kipya," akarudia, akapenga kamasi. "Rudieni, tafadhali."

Profesa Tessier aliniambia nje, "Mpe anachotaka. Siku mbili, utampa ukurasa mmoja, ataridhika." Nimekasirika. Kuna watu wamezaliwa kuharibu Ijumaa za wenzao.

12 Februari

Mtambo wa kiwandani umewashwa. Tapio ametuma picha amesimama mbele yake na kofia ngumu, kidole gumba juu. Kile chombo ni kikubwa kuliko nilivyofikiri. Kinamzidi kimo mara mbili.

18 Februari

Nimefanya jaribio tupu. Nilikitoa kikapu cha kichocheo kwa tundu lake dogo la juu, lisilogusa mihuri, nikakiosha, nikakirudisha mahali pake bila hata punje ya udongo. Nikaanza asubuhi, nikaenda kufua nguo, nikarudi mchana kusoma kipima gesi.

Gesi imetoka ileile.

Nimerudia kusoma. Nimezima kipima, nikakiwasha upya, nikasoma tena. Ni ileile ya wiki iliyopita, yenye udongo. Nilikaa nikazitazama namba mpaka kahawa ikaganda utando. Farzin aliingia, akaangalia, akaacha kutafuna.

"Labda udongo wa zamani umebaki ndani ya mabomba," akasema.

"Labda."

"Tuoshe."

"Tuoshe."

Alisema hivyo kwa upole ambao sijauzoea kwake, na upole huo ndio ulionitisha kuliko namba zenyewe. Kama udongo wangu haufanyi kitu, basi kwa miaka minne nimekuwa nikichoma matope.

21 Februari

Tumeosha mabomba kwa maji ya moto siku mbili mpaka yakatoka meupe. Jaribio tupu la pili limetoa gesi zaidi ya la kwanza. Ni rekodi mpya, bila udongo. Farzin hakuulizia mkate.

Tulisimama mbele ya kinga, tukachungulia chombo kupitia kidirisha.

"Dada Heli, kama si udongo, nani anafanya kazi humu?"

Humo ndani hamna kitu kingine. Ni mchuzi, maji, na chuma chenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nimepeleka chupa ya yale maji ya kijani ipimwe metali.

24 Februari

Tapio anauliza kwa nini sijibu ujumbe. Nimemwambia nina kazi.

28 Februari

Majibu yamekuja. Ni nikeli, tena nyingi. Nikeli haipo kwenye udongo wangu wala kwenye miti. Ipo kwenye chuma kilichotumika kujengea chombo.

Niandike wazi ili nami nielewe. Mchuzi ule kwenye joto lile unaula ukuta wa chombo kutoka ndani. Nikeli inayotoka ukutani ndiyo inayougeuza mchuzi kuwa gesi. Ukuta ukizidi kuliwa unachimbika, chuma kipya kinafunuka, gesi inaongezeka. Ndiyo maana mstari unapanda. Kila nilipooka pulla nilikuwa nikisherehekea ukuta kupungua.

Nilikwenda kwa Profesa Tessier na karatasi mkononi. Alisoma, akavua miwani, akainuka kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Farzin."

"Kila chuma kinaliwa, Heli. Hata sufuria ya bibi yako."

"Lakini tasnifu inasema ni udongo, Profesa."

"Tasnifu inasema ulichokiona. Umekiona kwa uaminifu." Alikuwa akizungusha miwani kwa kijiti chake. "Kutetea ni mwezi wa nne. Ukifungua jambo hili sasa unaanza upya, miaka miwili, mitatu, na fedha za mradi zimekwisha. Tutaliweka Sura ya Saba."

Kila mtu wa fani yetu anaijua Sura ya Saba: Mapendekezo kwa Utafiti wa Baadaye. Ndimo tunamotupia kila kitu ambacho hatutaki kuulizwa. Haisomwi, na akitokea wa kuisoma anaipita mbiombio akitafuta shukrani aone kama jina lake limo.

"Na kiwandani?" nikauliza. "Kaka yangu yuko pale."

"Ukuta wao ni mnene mara tatu ya wetu. Mei wanazima kwa matengenezo, wataupima. Nakala ya tasnifu wanapelekewa, si wao wadhamini? Watasoma."

Nilipotoka nilikuwa nimefarijika. Sioni raha kuliandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na nilimshukuru.

5 Machi

Nimeandika aya ya Sura ya Saba. Mara ya kwanza niliandika: "Ukuta wa chombo unayeyuka." Profesa alipigia mstari, akaandika pembeni, "Unayeyuka ni neno la gazeti." Nikaweka: "Kuna dalili za ukuta kuathirika." Akasema "kuathirika" kutamwamsha Wexler. Tumefika hapa:

"Mchango unaowezekana wa ukuta wa chombo katika matokeo haya unastahili kuchunguzwa zaidi."

Ni sentensi nzuri. Mtu anaweza kuisoma na kwenda kulala.

7 Machi

Rasimu imekwenda kwa kamati na kwa kiwanda. Farzin ameisoma pia. Aliomba tu zamu zake za mtambo azifanyie chumba cha pili, kwenye skrini. Nilimwita mwoga. Akakubali kwamba ni mwoga.

11 Machi

Mvua iliyochanganyika na theluji. Barabara kama kioo. Nimeota maji ya kijani.

12 Machi

Profesa huja kila asubuhi na kikombe chake cha chai, huegemea kinga ya mtambo huku akisoma barua pepe. Amefanya hivyo miaka yote. Leo nimemwomba asogee.

"Usianze," akasema, bila kuinua macho. Lakini nilimwona akiutazama mkono wake uliokuwa juu ya bamba, na aliuondoa.

Zamani nilidhani haogopi kitu. Sasa nadhani anaogopa kama mimi, na ana mengi zaidi ya kupoteza.

15 Machi, Jumamosi

Sauna nyumbani. Bibi ameuliza, nimejibu bado. Theluji ya paa imeanza kuporomoka, kila mara inapoanguka ardhini nashtuka.

Tapio alichelewa, akaingia anapiga makofi.

"Msomi! Njoo nikubusu kichwa. Ule mtambo wako ni malaika. Wiki ya kwanza ulitusumbua, gesi kidogo, Craddock meneja anataka kulia. Sasa tunavunja rekodi kila wiki. Mstari wetu unapanda juu tu, kama ule wako ukutani!"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini.

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni joto la sauna."

Nilimdanganya kaka yangu usoni, jikoni kwa bibi yetu. Njiani kurudi nilikuwa napiga hesabu kwa sauti. Ukuta wao ni mnene mara tatu, sawa. Lakini sisi tunawasha siku mbili kwa juma, basi. Wao hawazimi, na mchuzi wao unapita kwa kasi mara nyingi ya wetu.

16 Machi

Farzin amefungua mlango kabla sijabisha mara ya pili.

"Tukifungue chombo," nikamwambia.

"Profesa atatufukuza."

"Najua."

Akaenda kutafuta koti lake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga zipu.

17 Machi

Tumezima mtambo, tumeuacha upoe. Profesa yuko Toronto kwenye mkutano, anarudi kesho.

18 Machi, Jumanne

Naandika haya garini, asubuhi, Farzin akiendesha, kwa sababu sijui mchana utakuwaje.

Tumekata mihuri, tumeinua kifuniko kwa winchi. Ndani kuna harufu ya yai bovu. Farzin alipitisha kipima unene upande wa nje, kutoka juu kwenda chini, akitaja namba. Juu ni kidole gumba kama zamani. Katikati, pale penye joto kali, aliacha kutaja. Nikachukua kipima mwenyewe. Pale ukuta umebaki kama ukucha.

Tukapaka ndani ile rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, tukapangusa, tukamulika. Zimejitokeza kama mizizi, shina moja na matawi yake, zote zimeelekea nje.

Profesa aliingia na sanduku la safari mkononi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Alikuja, akaingiza mkono ndani, akafuata ufa kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akakaa sakafuni, katikati ya spana, na koti lake la mkutano.

"Mimi huegemea hapa," akasema. "Na chai."

Nikamwambia kuhusu mstari wa Tapio. Aliomba simu yake kabla sijamaliza. Naandika mazungumzo kama yalivyokuwa, kwa kuwa simu ilikuwa wazi na sote watatu tulisikia.

"Bwana Craddock, Tessier hapa. Zima mtambo."

"Profesa! Tunakusifu hapa kila siku. Alhamisi wakubwa wanakuja kuuona."

"Ukuta wa chombo unaliwa. Wetu tumeufungua, umepasuka. Zima leo."

"Nimeisoma rasimu, mimi si mvivu. Iko Sura ya Saba, nimeipigia mstari. 'Unastahili kuchunguzwa zaidi.' Sawa kabisa, Mei tutauchunguza."

"Si Mei, sasa! Ondoa watu!"

"Mtambo haujawahi kwenda vizuri hivi."

"Ndiyo maana nakuambia!"

Halafu Craddock, kwa adabu tu, wala hakuwa mtu mbaya: "Profesa, kama ni hatari, mbona hamkuandika hatari?"

Profesa alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Nitaleta suala hili kikaoni saa nane," Craddock akasema, akakata.

Nikampigia Tapio. Alipokea kwa kelele za mashine.

"Msomi, niko zamu, fupisha."

"Gesi yenu leo ikoje?"

"Rekodi. Leta mkate."

"Tapio, nisikilize. Ukuta wa chombo unaliwa kutoka ndani. Kila rekodi ni ukuta umepungua. Wetu umepasuka, nimeushika kwa mkono wangu. Toa watu wako."

"Craddock anajua?"

"Anajua. Ana kikao."

Kelele za mashine. Kisha akauliza, "Una hakika?"

Kwa miaka minne hakuna aliyeniuliza hivyo. Huku tunaulizwa kiasi cha kosa, asilimia ngapi juu, ngapi chini.

"Nina hakika."

"Haya, basi." Hakukata. Nilimsikia akigeuka na kupaza sauti: "Jamani, wote nje! Wote, nimesema! Wewe, acha kikombe! Nje!" Kisha mlango wa chuma ukabamizwa na simu ikakatika.

Farzin akachukua funguo za gari. Tunakwenda.

20 Machi

Farzin aliendesha. Theluji ilikuwa inaanguka laini, njia nzima nyeupe. Kabla ya kuingia Pike Narrows niliona madoa meusi ukingoni mwa barabara, nikadhani ni matope ya malori. Tulivyosogea yakazidi. Uwanja wa kiwanda wote ulikuwa mweusi kwa mchuzi, magari meusi, na theluji mpya ikiangukia juu yake, ikiwa nyeupe kwa muda mfupi tu kabla ya kulowa. Jengo la mtambo halikuwa na ukuta wa upande wa ziwa.

Watu wa zamu walikuwa wamesimama kando ya uzio na mashati matupu kwenye baridi ile. Nilimtafuta Tapio kati yao uso kwa uso. Hakuwepo.

Mmoja wao alinishika bega. "Wewe ndiye dada yake? Alitutoa wote. Kisha akarudi kufunga vali ya mchuzi. Alisema isipofungwa itamwagika mpaka ziwani. Alikuwa ameshaifunga, anatoka mbio, yuko mlangoni chombo kilipolipuka."

Yuko hai. Wamempeleka hospitali kuu. Mgongo na mikono yote miwili imeungua, na sikio la kushoto halisikii. Bibi Impi amekaa naye tangu juzi, hataki kwenda nyumbani kubadili nguo.

Sijalia. Naogopa nikianza sitaweza kuacha.

27 Machi

Wapelelezi wamekuja maabara. Profesa Tessier aliwaambia yote, hata ile sentensi ilivyoanza na yeye alivyoipunguza. Hakunitaja. Nikanyoosha mkono nikajitaja mwenyewe.

3 Aprili

Nimeshusha ule mchoro ukutani. Gundi imebaki.

12 Aprili, Jumamosi

Barafu ya ziwa imeanza kuvunjika. Siku yangu ya kutetea ilikuwa iwe wiki hii. Imefutwa kwenye kalenda ya idara, mahali pake wameandika matengenezo ya lifti.

Profesa amestaafu kabla ya kustaafishwa. Aliniita nyumbani kwake, akanipa vitabu vyake, akaniambia nianze tasnifu mpya kuhusu ukuta, na kwamba Daktari Wexler yuko tayari kunisimamia. Nikavibeba vitabu. Nilipokuwa natoka alinishika mkono akasema, "Siku ile uliyoniletea karatasi ya nikeli, nilipaswa kukuambia kesho saa mbili, usichelewe." Nilimhurumia, na bado nimemkasirikia.

Nimeanza tasnifu mpya hata hivyo, na nimeanzia Sura ya Saba. Niliipeleka hospitali nikamsomea Tapio. Alikuwa amelala kifudifudi, bandeji mpaka shingoni. Bibi Impi alikuwa kitini dirishani na bakuli la supu ya samaki mapajani. Nilizunguka kitanda nikainama kwenye sikio lake la kulia.

"Ukuta wa chombo hiki unaliwa. Watu wasikae karibu nacho."

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Nilidhani amelala, kwa maana dawa humchukua katikati ya maneno.

"Maneno machache hivyo," akasema, "na yalikushinda?"

Bibi aliacha kukoroga supu. Hakuniuliza kama nimemaliza.

"Yalinishinda," nikasema.